Mifupa ya Chiriku

Tarehe 9 Februari

Wifi yangu Mwalimu,

Natumaini ulifika salama na umemkuta mama mzima. Mimi si mzima. Ningekupigia simu, lakini siku hizi nikisikia sauti ya mtu ninayempenda nalia mpaka maneno yanakwisha. Acha niandike.

Wamemchukua Chiriku.

Jumamosi ulipotuaga pale wodini alikuwa anakupungia mkono, plasta mguuni, anabwabwaja lugha yake ile anayoijua peke yake. Jumatatu saa nne nikaitwa ofisini. Daktari wa zamu alikuwa amepanga picha za eksirei kwenye ubao wa taa, na pembeni amekaa ofisa wa ustawi wa jamii na faili mapajani. Daktari akahesabu kwa kalamu: mkono wa kushoto, ule uliovunjika nilipomvalisha sweta akiwa na miezi kumi. Mtulinga wa begani, ule wa Desemba. Sasa muundi wa mguu. Halafu akanionyesha mbavu mbili ambazo wala sikujua kama ziliwahi kuvunjika, zimeshaunga zenyewe.

Akaniuliza, "Mama, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mbavu zinavunjikaje? Nani huwa anambana?"

Nikamwambia hakuna. Akaandika. Nadhani aliandika kwamba nimekana.

Mchana walimpeleka nyumba ya watoto, eti kwa usalama wake mpaka uchunguzi uishe. Alidhani tunakwenda wote. Alininyooshea mikono akiwa begani kwa mwanamke nisiyemjua.

Ofisa alisema kuna mtu aliwapa taarifa. Namshuku jirani wa mlango wa pili, yule anayesema kilio cha mtoto kinampandisha presha. Wifi, wewe ulikuwepo. Ulikuwa chumba cha pili, lakini ulikuja mbio. Nilikuwa namtoa kwenye beseni, mguu ukanaswa na taulo, nikasikia mlio kama kijiti kikavu. Niandikie barua ya kuwapelekea. Wewe ni mwalimu, watakusikiliza.

Kaka yako anakusalimu. Hajaenda kazini tangu jana.

Wifi yako,
Mama Chiriku

*

Tarehe 17 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Pole. Pole tena.

Kuhusu jirani, nakuomba usimguse. Huenda si yeye. Huenda ni utaratibu tu wa hospitali, wakiona picha za namna ile lazima waite watu wa ustawi. Ukienda kugombana naye utajiharibia.

Barua nitaiandika, nipe muda nitafute maneno. Barua ya serikali si ya kuropoka.

Ila niambie jambo moja, na unijibu kama unavyomjibu dada yako wa tumbo moja. Unapiga pasi kwa dobi saa kumi kwa siku, unarudi mtoto hajalala, kaka yupo safarini na mitambo yake. Hakuna siku hata moja uchovu ulikuzidi? Shuleni tulipewa semina ya ulinzi wa watoto, na mtoa mada alisema mara nyingi si ubaya wa moyo, ni kuelemewa tu. Mtu akisaidiwa mapema anapona. Ukiniambia, mimi sitakuhukumu.

Mama hajambo, isipokuwa masikio yamezidi kuwa mazito. Nimemweleza yaliyotokea. Aliinuka akaenda jikoni.

Mwalimu

*

Tarehe 2 Machi

Wifi,

Swali lako nililisoma mara tatu. Jibu ni hapana. Nilichoka, ndiyo, kuna siku nililala na nguo za kazi. Lakini mkono wangu haukumfanya lolote. Nilidhani wewe hutaniuliza.

Basi, yaishe. Sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Naruhusiwa kumwona kila Jumatano, saa nane mpaka saa tisa. Mlezi anakaa kwenye kiti katikati yetu kama refa. Sina ruhusa ya kumbeba, kwa hiyo namchezea vidole vya miguu, vile vinavyochungulia nje ya plasta. Wiki ya kwanza alilia saa nzima. Wiki ya pili nusu saa. Jumatano iliyopita hakulia kabisa, na mlezi akanipongeza.

Kaka yako amehamia kwenye kochi. Anasema mgongo unamsumbua. Juzi tukiwa tunakunywa chai akaniuliza, ameinamia kikombe chake, "Hilo taulo lilikuwa lipi?" Nikaenda nikalileta. Akalishika, akaligeuza huku na huku, akalikunja vizuri akanirudishia. Tumeishi miaka sita, wifi, na leo tunakaguana mataulo.

Lakini kuna jambo. Hospitali huja daktari wa mifupa ya watoto mara moja kwa mwezi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini mpaka lazima umsogelee. Yeye hakuanza na picha. Alipiga magoti mbele ya Chiriku akamtazama machoni muda mrefu. Akaniuliza kama nimewahi kuona kwamba ule weupe wa macho yake una ubuluu. Nikamwambia nimeuona tangu kuzaliwa, na baba yake anao kidogo, mimi nilidhani ni uzuri wao.

Akasema wapo watoto wanaozaliwa na mifupa myepesi kuvunjika. Mwili hautengenezi sawasawa ule uzi unaoushika mfupa, basi sweta tu linatosha kumvunja. Lakini hawezi kuandika hivyo kwa sababu ya macho peke yake. Anahitaji kujua ya ukoo: nani alivunjikavunjika utotoni, nani alikufa mchanga, nani masikio yalimwisha mapema. Kwetu nimeuliza mpaka kwa shangazi wa babu, hakuna. Kaka yako anasema yeye hajawahi kuvunjika hata kidole.

Muulize mama. Tafadhali muulize leo hii.

Mama Chiriku

*

Tarehe 10 Machi

Wifi yangu,

Nimemuuliza. Alikuwa anaanika nguo. Nilipomwambia kuhusu daktari na macho alibana kibanio kwenye shati lile lile mara tatu. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti. Akasema, "Kwetu hakuna," akaingia ndani, akaacha nusu ya nguo kwenye ndoo.

Mimi binafsi nakumbuka niliwahi kufungwa plasta nikiwa darasa la pili, lakini nilikuwa nimeruka ukuta. Mtoto yeyote angevunjika.

Barua ya ofisa bado naiandika.

Mwalimu

*

Tarehe 24 Machi

Wifi,

Nakuandikia kutoka kwenye benchi la wodi ya watoto. Chiriku amevunjika paja.

Si mimi. Nilikuwa kazini, wote pale kwa dobi ni mashahidi. Mlezi wa nyumba ya watoto alikuwa anambadilisha nepi, akamwinua miguu yote miwili kwa mkono mmoja kama wanavyoinuliwa watoto wote. Basi. Mfupa mkubwa kuliko yote mwilini. Mlezi mwenyewe ni msichana wa watu, analia mpaka amelazwa kitanda cha pembeni, wanampa maji.

Wamemning'iniza miguu yote miwili juu, kamba na vizito, makalio yameachana kidogo na godoro. Ndivyo paja la mtoto mdogo linavyotibiwa, daktari amenieleza: uzito wake mwenyewe ndio unaonyoosha mfupa. Wiki tatu atalala hivyo, anatazama dari.

Sasa nitakwambia neno ambalo sitamwambia mtu mwingine mpaka naingia kaburini. Waliponipigia simu kwamba mtoto amevunjika na mimi sikuwepo, nilifurahi. Ilikuwa kama kufumba na kufumbua, lakini nilifurahi. Nilisimama na pasi mkononi nikasema moyoni, sasa wataniamini. Shati la mteja likaungua. Mama gani huyo, wifi? Labda daktari wa zamu alikuwa ameona kitu ndani yangu ambacho mimi sikukijua.

Na jingine. Ofisa aliacha faili wazi mezani akatoka kupokea simu. Nililisoma kichwa chini miguu juu, maana kupiga pasi lebo za nguo miaka yote kumenifundisha. Mtoa taarifa: "ndugu wa kike, upande wa baba."

Ni mama. Wewe siwezi kukuwazia, uliyenishika mkono kwenye teksi njia nzima. Ni mama. Sikukwambia kamwe, lakini alipokuja Desemba, kila nikimwinua mtoto yeye alikuwa ananikodolea macho, anashika kifua, kama anangoja niharibu. Nilijua hanipendi. Sikujua kwamba anaweza kufika huko.

Mama Chiriku

*

Tarehe 1 Aprili

Wifi,

Haraka haraka, nampa dereva wa basi la kesho. Mama ameondoka leo asubuhi. Nilimsomea habari ya paja la Chiriku, kulipokucha nikakuta kitanda kimetandikwa. Amemwambia jirani anakuja kwenu, kwa daktari. Hajapanda basi peke yake tangu baba afariki.

Mpokee. Msikilize. Na lile la faili, nakuomba usimwambie neno kabla hujanisikia mimi.

Mwalimu

*

Tarehe 9 Aprili

Wifi,

Barua yako dereva amenifikishia juzi tu. Mama alikuwa ameshakuja na kuondoka.

Nilimfungulia mlango sikumwamkia. Hata "shikamoo" ilinikwama. Alikuwa amesimama na kifurushi chake kidogo, miguu imevimba kwa safari, na mimi nikamwambia pale pale kizingitini, kwa sauti ya kusikika mpaka mlango wa pili, maana ni mzito wa masikio: "Wewe ndiye uliyetushtaki." Alinitazama. Akanyamaza. Nikaona kunyamaza kwake ndiko kukiri, nikampisha apite kama ninavyompisha mtu wa mita ya maji.

Asubuhi kaka yako alitupeleka hospitali. Mama akakaa mbele ya daktari, akavua kitambaa cha kichwa, akakiweka mapajani. Daktari alimtazama macho, na nikamwona anashtuka kidogo. Sikuwahi kumtazama mama mkwe wangu machoni kwa karibu, wifi. Yana ubuluu uleule.

Mama alisema kabla ya baba yenu aliolewa na mtu mwingine. Ulikuwa unajua? Kaka yako hakujua. Alizaa mtoto wa kiume. Mtoto huyo alivunjika mara nne kabla hajaanza kutambaa, na mara ya tano ilikuwa kifuani, hakupona. Wakwe zake walisema anamponda mtoto makusudi. Mumewe akamrudisha kwao na nguo aliyovaa. Hakuruhusiwa kujua amezikwa upande gani. Mlipozaliwa nyinyi wawili alikuwa hawapi watu wawabebe.

"Nilipomwona huyu Desemba," alimwambia daktari, "nilijua. Nikasema nikifungua mdomo nitakuwa nimemtia mkosi. Nikafunga."

Daktari aliandika ukurasa mzima. Kisha akamshika mama mkono akamwambia, "Hukumuua mwanao." Alirudia mara mbili, ya pili kwenye sikio linalosikia. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa bei. Kisha akajifunga kitambaa chake.

Uchunguzi umefungwa. Paja likiunga, Chiriku atarudi nyumbani. Kuna dawa ya kuingizwa mshipani ya kuimarisha mifupa ambayo daktari atajaribu kumpatia, na kuna mambo mengi ya kujifunza.

Ningepaswa kuwa na furaha. Lakini mama alikaa kwangu siku nne na hakula chakula changu, na mimi sikumbembeleza. Alikuja kunitoa shimoni alikonitumbukiza mwenyewe, ndivyo nilivyojiambia. Nilimpeleka kituoni sikungoja basi liondoke.

Mama Chiriku

*

Tarehe 16 Aprili

Wifi,

Si mama. Ni mimi.

Siku ile hospitali, wewe ukiwa na Chiriku chumba cha plasta, nilisema nakwenda kutafuta maji ya kunywa. Nilikwenda kwa muuguzi mkuu. Nilimwambia mtoto amevunjika mara tatu ndani ya mwaka na kila mara alikuwa na mama yake peke yake. Nilisema sikuona, nilisikia tu kilio. Nikaweka sahihi. Kisha nikarudi na chupa ya maji nikakupa, ukanishukuru.

Ile semina ilinikaa kichwani. Walituambia aliyenyamaza naye ana hatia. Nilijiona shujaa, wifi, sitakudanganya. Kwenye basi nilikuwa nalia huku najisifu. Ile barua uliyoniomba sikuwahi kuandika hata mstari.

Mama alijua. Nilimwambia jioni niliyorudi. Alinitazama akasema, "Umefanya nini?" na hakusema nami siku tatu. Nilidhani ananiona mbaya kwa kumchongea wifi yangu. Kumbe alikuwa anaona yake yanarudi.

Jana nimemuuliza kwa nini alikubali umbebeshe mzigo wangu. Akajibu, "Wewe utaihitaji nyumba ya kaka yako. Mimi nimeshazoea kuitwa mbaya."

Na ukuta sikuruka. Nilijikwaa kwenye mkeka. Mama ndiye aliyenifundisha kusema ukuta, nikasema mpaka nikauona. Kuna pia kifundo cha mkono, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa kufungua dirisha. Ulipoandika habari za ubuluu nilikwenda kwenye kioo, nikauona wangu. Kisha nikakuandikia kwamba mtoto yeyote angevunjika.

Nina mimba ya miezi mitano. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa naona aibu kufurahi wakati wewe umenyang'anywa wako. Sasa naogopa tu.

Siombi unijibu.

Mwalimu

*

Tarehe 11 Mei

Mwalimu,

Barua yako ya tarehe 16 na ile uliyofuatisha zimefika, mke wangu amezisoma na kuziweka. Usimwandikie tena kwa sasa. Mimi pia nina la kwangu na yeye, maana wewe ulitia shaka kwa siku moja, mimi nililala nayo kwenye kochi miezi miwili. Sijui nani kati yetu ana deni kubwa la maneno.

Mtoto amerudi tarehe 30 Aprili. Mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo, daktari anasema kwa umri wake utajirekebisha.

Mwambie mama nitatuma dawa ya miguu.

Kaka yako

*

Tarehe 28 Juni

Wifi,

Ukurasa wa kwanza ni wa mama. Umsomee upande wa sikio linalosikia, na usiruke neno hata yale yanayonidhalilisha. Nimemwomba radhi kwa kizingiti, kwa kituo cha basi, na kwa zile siku nne. Nimemwomba anitajie jina la yule mtoto wake, akipenda. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa wewe.

Chiriku ananiita "dada." Nyumba ya watoto walezi wote wanaitwa dada, na alipoanza kusema maneno yanayoeleweka hilo ndilo lililotoka. Namsahihisha, anacheka, anasema tena dada. Hapigi kelele alfajiri kama zamani. Nikitaka kumwinua anafumba macho na kuzuia pumzi, anasubiri. Hiyo ndiyo miezi mitatu yangu. Sitaipata mahali.

Kaka yako ananiuliza kama nimekusamehe. Nimemwambia aniulize mwakani. Ninajua ulidhani unamwokoa mtoto. Najua pia kuna watoto ambao kweli wanapigwa, na mtu kama wewe akinyamaza wanakufa. Nayajua yote hayo, na bado nikiona mwandiko wako nageuza bahasha kifudifudi.

Lakini mama ameniambia kwenye simu kwamba umebakiza wiki saba, na nimekwenda kwa daktari kwa ajili yako. Anasema nusu kwa nusu. Mtoto wako anaweza kuwa na ugonjwa huu, anaweza asiwe nao, hakuna ajuaye mpaka aje. Waambie wakunga mapema, kwa maandishi, wasimvute. Nimekuwekea humu barua yake yenye muhuri.

Nisikilize. Hujawahi kumbeba mtoto wa namna hii, acha nikufundishe. Usimwinue kwa makwapa, kamwe. Usimshike vifundo vya miguu ukibadilisha nepi. Pitisha kiganja chini ya makalio, umwinue kutoka huko. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine chini ya mabega na kichwa, vidole vimetanuliwa, uinue wote kwa pamoja kama unavyobeba trei iliyojaa. Nguo zifunguke mbele, mikono mipana. Mkono wa sweta unauvuta kwa mtoto, si mtoto kwa sweta. Anza na mto. Fanya mara ishirini kwa siku mpaka usiwe unafikiri. Nitakuja wiki ya kwanza ya Agosti, nikae siku kumi, nikutazame unavyofanya.

Na huenda akavunjika hivyo hivyo. Mikononi mwako, ukiwa macho, ukiwa hujachoka, ukiwa unampenda. Ukiona analia ukigusa mahali pamoja, au mguu hauchezeshi, usimnyooshe, usimkande. Mlaze juu ya mto, fungia ule upande na kitambaa laini usiende huku na huku, umpeleke hospitali pamoja na mto wenyewe.

Barua ya daktari usiitie kwenye mkoba. Ishike mkononi, waione kabla hawajakutazama wewe.

Mama Chiriku